Madoa ya Ng'ombe wa Mti

Marehemu mume wangu alichongea watoto wa hapa kwetu Kimanga ng'ombe wa mti. Madoa aliyachapa kwa kidole gumba, akikichovya katika manjano ya kutwanga. Kidole hicho kilikuwa na kovu, kwa hiyo kila doa lilipasuliwa na mstari mweupe.

Aliacha ng'ombe mmoja bila madoa. Kwetu kazi ya marehemu haimaliziwi na mwingine, nikamweka dirishani. Juzi asubuhi nilimkuta na doa bichi ubavuni.

"Ni weye ulimugusa?" nilimuuliza binti yangu.

"Minye? Mama, angalia kwanza vidole vyako!"

Gumba langu lilikuwa la njano. Sikumbuki kitu. Lakini doa lina mstari, na mimi sina kovu. Ubavu wa pili bado mweupe. Bakuli la manjano nimeliacha wazi.