Mimi Ndiye Niliyemkimbiza Fahali wa Baba Mkwe

Nimekosa! Nianze hapo hapo, kwa sababu nikianza na visingizio nitajitetea mpaka mnihurumie, na huruma sistahili. Nilimfanya fahali wa baba mkwe wangu akimbie mbele ya watu wote, halafu nikamwacha mume wangu abebe lawama, nami nimefunga mdomo kama mtu mwenye jino bovu.

Jina langu silitaji. Mume wangu nitamwita Baba Tina, na mtoto wetu haitwi Tina. Najua wengine mtanitambua tu, maana huku Kakamega mke na mume wanaojiundia magari nyuma ya nyumba si wengi. Mkinitambua, nyamazeni. Nimekuja kusema mwenyewe, msinimalizie hadithi.

Ndiyo, magari! Wenzetu wanafuga kuku, sisi tunaunda magari. Tunanunua Probox iliyogongwa, tunatoa injini na giaboksi, tunachomelea fremu yetu ya vyuma, kisha tunaivisha bodi ya faiba tuliyoimwaga wenyewe. Linatoka kigari chepesi, viti viwili, paa hakuna. Mvua ya Kakamega ikinyesha, na mnajua inavyopenda kunyesha alasiri, tunaogea humo ndani. Majirani hucheka. Wacheke! Wakimaliza kucheka huja kuomba kupigwa picha wakiwa wameketi kwenye usukani.

Baba Tina ni mtu wa vipimo. Atapima chuma, apige mluzi, akipime tena. Mimi ni mtu wa grainda na kelele. Kwa hivyo tangu gari la kwanza tulikubaliana kwamba hakuna kitu kitakachofungwa kwenye gari kama hatujakubaliana wote wawili. Hata rangi, hata kioo cha pembeni. Hiyo ndiyo sheria pekee ya ndoa yetu iliyokuwa haijavunjwa, maana zile za kanisani tulianza kuzivunja kabla hata ya harusi.

Gereji yetu ilikuwa katika boma la baba mkwe, upande wa Khayega. Zamani ilikuwa zizi. Mzee alitugawia nusu, nusu nyingine akabaki nayo, katikati ukuta wa mabati. Upande wa pili wa mabati ndipo alipoishi Transfoma.

Transfoma alikuwa fahali wa kupigana. Kwa wasiotoka kwetu, Jumamosi asubuhi mafahali hukutanishwa uwanjani, ngoma za isukuti zinalia, watu wanaimba, wanyama wanasukumana pembe kwa pembe mpaka mmoja ageuke akimbie. Anayekimbia ameshindwa. Na akikimbia kwa woga, hana tena kazi nyingine duniani ila kitoweo.

Mzee alimpenda mnyama huyo kuliko alivyotupenda sisi sote tukijumlishwa. Alimpa busaa, pombe yetu ya nafaka. Alimsimulia habari za redioni. Mama mkwe alizoea kusema, "Mimi niliolewanga na huyu mzee, lakini mwenye boma ni Transfoma."

Ugomvi wetu ulianza na sailensa. Gari jipya, jekundu, lilikuwa karibu kuisha, na Baba Tina akaliundia sailensa kubwa iliyolifanya lisikike kama cherehani. Cherehani! Gari jekundu!

"Baba Tina," nikamwambia, "hii ni gari ama ni ya kushona yunifomu?"

"Hapo nyuma kuna ng'ombe ya mzee," akasema. "Tuheshimu."

"Si hiyo ng'ombe inasikianga grainda kila siku na haishtukangi? Imezoea!"

"Grainda inaijua. Hii haiijui. Wacha, mama."

Akakataa, na sheria ni sheria. Nikasema sawa, nikatabasamu, nikaenda kupika. Jamani, mkiona mwanamke wa kelele amekubali haraka hivyo, kagueni nyumba!

Siku aliyokwenda mjini kutafuta rangi, nilikata tundu kwenye bomba la moshi, kabla halijafika kwenye sailensa, nikalichomelea kifuniko kidogo cha kufunguka. Kifuniko nikakifunga waya wa breki ya baiskeli, waya nikaupitisha chini chini mpaka kwenye kiti cha abiria, kiti changu. Usipouvuta, gari ni cherehani. Ukiuvuta, moshi hauendi tena kwa sailensa, unatokea hapo kwenye tundu, na gari linapiga kelele zote lilizozaliwa nazo. Nililijaribu mara moja tu, Transfoma akiwa malishoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi mzuri, mke mbaya!

Nilitaka nini? Sifa. Basi. Jumamosi iliyokuwa inakuja, Transfoma angepigana na fahali wa ng'ambo ya mto, na mzee mwenyewe alikuwa amesema gari letu litangulie, yeye na fahali wake wafuate, ili watu wajue boma lake lina vitu viwili vya kutisha. Mzee huyo huyo aliyezoea kuliita gari letu "hiyo beseni"!

Mume wangu alifurahi mpaka akaosha magurudumu kwa sabuni ya kuogea. Miaka yote katika familia yeye alikuwa yule kijana aliyeacha ng'ombe akafuata vyuma. Hakuwahi kumsikia baba yake akilisifu gari hata moja. Nilijua jambo hilo lilimaanisha nini kwake, na waya niliuacha pale pale.

Asubuhi ile tulikwenda polepole, isukuti nyuma yetu. Uwanja ulikuwa umejaa. Hata pasta wetu, ambaye huhubiri kwamba mambo ya mafahali ni ya giza, alikuwa mstari wa mbele kabisa, amejifunika kofia akidhani hatumjui.

Transfoma akaingia. Akachimba udongo kwa kwato, akapuliza pua. Fahali wa wenzetu naye akasogezwa. Mzee akainua fimbo, akamwambia mwanawe, "Kanyaga hiyo mafuta kidogo, wajue tumefika!"

Baba Tina akakanyaga kidogo tu, kwa adabu. Nami nikavuta waya.

Mungu wangu! Gari lilibweka. Lilitoa mlipuko mmoja, likatoa mwingine, kisha likaanza kunguruma mfululizo. Isukuti zilinyamaza. Pasta alilala chini. Na Transfoma, ambaye hakuwahi kumwonyesha fahali yeyote mkia, aligeuka. Mpinzani wake hata hakumtazama. Alipita katikati ya watu, akaingia shamba la miwa, akaenda zake. Yule fahali mwingine alibaki peke yake uwanjani, ameshinda bila kufanya kazi.

Wenzetu wakaanza kuimba kwamba fahali wetu ameenda choo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na hili ndilo la aibu zaidi: hata mimi nilicheka kidogo, kabla sijamwona mzee. Alikuwa amesimama na fimbo yake, mdomo wazi, akitazama miwa inavyotikisika. Machozi yalimtoka. Sijawahi kumwona mzee huyo akilia, hata matangani.

Akaja mpaka kwenye gari. "Nani amefanya hivi?"

Alimuuliza mwanawe. Mimi hakunitazama, maana kwetu mzee hamkodolei macho mke wa mwanawe.

Baba Tina ndiye aliyenitazama. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika waya, akauona. Hakuhitaji kuelezwa, fundi ni fundi. Akarudisha macho kwa baba yake akasema, "Ni mimi, baba. Nilitaka kujionyesha."

Na mimi nikanyamaza! Niliachilia waya polepole, nikaweka mikono magotini kama bibi harusi.

"Basi toa hiyo beseni kwangu," mzee akasema. "Na usinisalimie tena."

Transfoma akauzwa kwa mwenye bucha. Sisi tukahamisha vyombo vyetu mpaka kibanda cha kukodi mjini Kakamega, mabati yanavuja, majirani wanalalamika. Hayo si kitu. Kilichoniumiza ni mume wangu. Kila Jumapili baada ya ibada alipita kwa baba yake, akasimama mlangoni, akamsalimia, "Mulembe, baba." Mzee aligeuza kiti, akaangalia ukuta. Baba Tina akarudi nyumbani, akala obusuma, ule ugali wetu, akalala. Nilimchinjia ingokho, kuku mzima, hakugusa hata paja.

Nilingoja anigombeze. Ningefurahi anigombeze! Siku moja nilijikaza nikaanza, "Baba Tina, ile siku ya fahali..." Akasema, "Nipe hiyo spana." Kifuniko changu alikuwa ameshakichomelea kikafunga kabisa, kazi safi, hata mshono huuoni.

Mnajua nilijidanganya vipi? Nilisema mzee atasahau. Nilisema mwanamume ameumbwa kubeba. Nilisema nikifungua mdomo sasa nitamfanya mume wangu aonekane mwongo mbele ya baba yake. Visingizio vitamu jamani! Nilivila kwa miezi.

Halafu mzee akanunua ndama dume, akawaita wanawe wote bomani wanywe busaa na kumpa jina. Wote ila mmoja. Tuliziona picha kwenye simu, katika kundi la familia. Baba Tina aliivuta moja ikawa kubwa, akaitazama, akaweka simu chini, akaenda kuchomelea. Nilipomfuata nilimkuta anachomelea bila miwani, cheche zinamrukia, macho yanamtiririka. Si moto uliokuwa unamliza.

Nikamnyang'anya mashine, nikazima umeme. Nikapanda boda boda vile vile, na ovaroli yangu ya grisi, mpaka kwa mzee.

Nilipiga magoti nje, mama mkwe akakaa katikati yetu kama desturi inavyotaka. Nikasema, "Baba, aliyemkimbiza Transfoma ni mimi. Waya niliuweka mimi, nikauvuta mimi. Mwanao hakujua kitu."

Mzee aliweka fimbo yake chini. Kisha akaniita, "Mama Tina."

"Naam, baba."

"Ng'ombe yangu ilikimbia siku moja tu, tukauza. Wewe umekuwa ukikimbianga hii miezi yote, ukaacha kijana yangu hapo mbele ya pembe peke yake. Sasa wewe tukuuze kwa nani?"

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa, na mama mkwe hakuninyanyua.

Siku hiyo hiyo mzee alivaa koti lake la kanisa, akaja mjini mpaka kwenye kibanda chetu. Akanyoosha mkono. "Mulembe, mwana wanje." Baba Tina aliupokea kwa mikono yote miwili, na grisi yake. Nilikuwa nimesimama kando na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekipokea.

Mnadhani yakaishia hapo? Hata mimi nilidhani! Mume wangu amenisamehe, amelisema mbele ya wazazi wake. Gereji tumerudishiwa. Tunaunda gari lingine, la kijani, na tunacheka kama zamani. Lakini kila asubuhi, kabla hajawasha injini, Baba Tina hutandika gunia, huchukua tochi, na kujipenyeza chini ya gari. Hulikagua kutoka mbele mpaka nyuma, kila bomba, kila waya. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Nikimwambia hakuna kitu hapo, hunijibu kwa upole kabisa, "Najua, mama." Kisha huendelea kukagua.

Basi nyinyi mnaonisoma na kunicheka, chekeni, nimewaruhusu. Lakini ukimharibia mtu, sema saa ile ile, mkono ukiwa bado umeshika waya! Usiache anayekupenda asimame mahali pako hata dakika moja, ukidhani kwa kuwa amenyamaza hajaumia. Msamaha utapewa, mimi nimepewa. Ila mwenzangu, utaupokea huku unaona miguu ya mumeo imechomoza chini ya gari, na mwanga wa tochi unatafuta tafuta huko ndani.