Mwenye Taulo Begani

Watu wa mtaa wa Mwanjelwa walimjua Sekela kama mpiga video wa harusi. Wachache walijua kwamba mwaka mzima alikuwa akienda Iringa kurekodi filamu yake mwenyewe, ya wanafunzi wa chuo kimoja na majirani zao waliogoma na kuandamana kwa sababu ya kijito kilichoharibiwa na maji taka ya chuo. Kiongozi wao alikuwa Kalinga, kijana mpole aliyeongea mbele ya kamera kana kwamba anazungumza na mama yake.

Wiki mbili baada ya mgomo kuvunjwa, mwanamume mwenye koti safi aliingia studio asubuhi. Sekela akadhani ana harusi.

"Video za Iringa," alisema yule mtu, akivuta kiti. "Nazitaka zote. Hata ulizokata."

"Filamu haijaisha, kaka."

"Najua." Akatabasamu. "Mama hajambo pale Iyunga? Mguu unaendeleaje?"

Mama alikuwa ameteguka mguu juzi tu. Sekela hakuwa amemwambia mtu.

Yule mtu aliaga, akasema atarudi Ijumaa. Sekela akampigia Kalinga, hakupatikana. Akampigia Yusta, shangazi yake Kalinga.

"Mwanangu, walimchukua jana," Yusta alisema kwa sauti ndogo. "Watu wawili. Eti wametumwa na chuo. Chuo wanasema hawakutuma mtu."

Sekela alifunga mlango, akazipitia video upya. Siku ya pili ya mgomo, nyuma ya Kalinga, akamwona yule mgeni wa asubuhi: hana koti, ana taulo begani, anaimba na wanafunzi. Siku ya tatu, ndiye aliyerusha jiwe la kwanza.

Hakuingoja Ijumaa. Alimpeleka mama kwa mjomba Tukuyu, akaenda Iringa, akawaonyesha majirani video hizo kwenye ukumbi wa kanisa. Nakala akamwachia wakili. Watu walitazama, mpaka mzee mmoja akasema, "Huyo alikula kwangu."

Siku ya tisa tangu achukuliwe, Kalinga aliokotwa kando ya barabara kuu, hai. Sekela alimkuta kwa Yusta, amekaa juani na blanketi mabegani. Akatoa kamera.

"Dada, iweke chini," Kalinga alisema. "Mambo ya mgomo hata hawakuniuliza."

"Walikuuliza nini?"

"Habari zako wewe, dada. Unalala wapi. Unapita njia gani. Ndugu zako wako wapi." Akageuza uso. "Niliwaambia yote ninayoyajua."