Blanketi la Mzaliwa wa Kwanza

Nilipokuwa nikilichagua blanketi lile sokoni Uyole, Mbeya, nilikuwa nikimfikiria baba yangu akiwa hai, au nilikwisha kumzika moyoni? Najiuliza hadi leo, na kila jibu ninalolipata huniogopesha kuliko swali lenyewe.

Mimi huchagua zawadi kwa uangalifu. Huwasikiliza rafiki zangu mwaka mzima wanalalamikia nini, kisha hununua kitu cha kuliondoa lalamiko hilo: taa ya kusomea, buti za mvua. Baba alikuwa amelalamikia baridi. Ilikuwa Julai, naye, baada ya miezi mingi ya kubembelezwa, alikuwa amekubali kwenda hospitali mjini Iringa kufanyiwa upasuaji wa tezi dume. Nilipapasa mablanketi mengi, nikachukua zito kuliko yote, la kijivu, nikapanda nalo basi nikiwa nimelipakata. Tulipopita Nyololo ukungu ulikuwa umefunika barabara. Nilifurahi, kwa sababu kadiri baridi ilivyozidi ndivyo nilivyojiona nimechagua vyema.

Nyumbani Kilolo alinipokea shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye anayemtunza. Alipoliona blanketi ndani ya mfuko wa nailoni alinivuta hadi jikoni, mfuko ukibaki sebuleni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama chuo kikuu ndiko nilikoachia akili. Hapo nikakumbuka. Katika ukoo wetu, mzazi akifariki, mzaliwa wa kwanza ndiye anayenunua blanketi jipya la kumfunikia kaburini. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Nilikuwa nimelileta mwenyewe, baba akiwa bado anakunywa uji.

Tulikubaliana tulifiche, lakini tulichelewa. Baba alikwisha kulitoa mfukoni na kulitandaza magotini, akawa anaufuata upindo wake kwa vidole, taratibu, mpaka kona ya nne.

“Linatosha,” alisema. “Ulinipima lini, mwanangu?”

Shangazi akamwambia aache maneno yake, mtoto ameona baridi tu. Baba akacheka mpaka akakohoa, akasema hata huko chini anakopelekwa kuna baridi. Kisha akalikunja blanketi vizuri kuliko lilivyokunjwa sokoni, akasema kesho hatakwenda hospitali.

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alieleza kwamba mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyezungumza na daktari, na kama nimeleta blanketi, basi niliambiwa jambo ambalo yeye alifichwa. Afadhali afie kitandani kwake.

Niliapa kwamba daktari hakuniambia kitu. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyosikika kama mtu anayeficha. Na ukweli, ambao sikumwambia, ni kwamba nilimuuliza daktari mara mbili, kwa simu, kama wazee wa umri wa baba huamka baada ya upasuaji. Alinijibu kwamba wengi huamka. Neno hilo “wengi” nilikwenda nalo sokoni. Huenda ndilo lililochagua.

Jioni ile niliogopa mambo mawili: kwamba hatakwenda, mkojo utaziba tena, na tutampoteza, na kwamba atakwenda, hataamka, na blanketi litakuwa tayari. Nilimuuliza shangazi kama nikilirudisha Mbeya itasaidia. Akasema hapana, baba ameshalishika. Alichochea moto, halafu akaongeza kwamba blanketi la kaburini sharti liwe zima. Lililokatwa hakuna anayethubutu kumfunikia marehemu.

Niliogopa kwamba nikilikata nitakuwa nimekiri kuwa naamini, mimi niliyezoea kuwacheka wanaoamini. Lakini niliogopa zaidi kumwona baba akilikunja tena.

Kulipopambazuka nilimwomba shangazi mkasi wake wa kushonea. Baba alikuwa ameketi uani kwenye jua la kwanza, miguu mitupu, viatu vyake vya safari viko kando. Nikalitandaza blanketi mbele yake nikalikata katikati, kutoka upindo hadi upindo. Lilikuwa zito kweli. Ilinibidi kubadilisha mikono. Hakunizuia. Nusu nikamwekea mabegani, nusu nikajifunga mwenyewe, nyuzi zikining’inia, kisha nikapiga magoti nikashika kiatu. Alikaa kidogo, akanyoosha mguu wa kulia.