Mguu wa Breki

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekalia kiti kisicho na usukani. Gari dogo jeupe la shule ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na hiyo ya mwalimu ilikuwa imesuguliwa na soli zake mpaka ikang'aa kama kijiko. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki. Hakukasirika. Jina likishakukalia, utalitoa wapi?

Ijumaa ile asubuhi alikuwa na muuza nyama, mtu mzima wa mikono mizito, aliyeshika usukani kana kwamba ni pembe za fahali. Walizunguka uwanja wa kokoto katikati ya mapipa, mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa. Kwenye pipa la nne gari likaruka mbele ghafla. Mguu wa kulia wa mwalimu ulishakanyaga kabla mwenyewe hajafikiri. Gari likazima, vumbi likawapita.

"Mwalimu, nimekanyaga mafuta au breki?"

"Umekanyaga roho yangu. Washa tena."

Muuza nyama akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, kwa kuwa goti lilikuwa limemchoma mpaka kwenye nyonga. Lilianza kuvimba mwaka juzi. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu wake ulikuwa pale. Daktari alisema mfupa unasaga mfupa. Jumatatu goti litapasuliwa, na baada ya hapo kazi ya pedeli aisahau. Habari hiyo aliipokea kama mtu aliyekwisha kuchoka zamani. Kilichomkosesha raha kilikuwa kingine, na aliyekijua ni mdogo wake peke yake.

Mdogo wake alikuwa fundi simu. Nyuma ya duka lake, kwenye chumba kilichonukia risasi ya kuchomelea na vumbi la feni, aliweka kiti cha mchezo wa magari: usukani, pedeli mbili sakafuni na skrini pana kama mlango. Jioni watu walikuja kushindana. Dada yake, yaani mwalimu, alikuja saa saba mchana, wakati wa mapumziko, mkate mkononi na viatu amevivua. Alikuwa amejaribu mara moja kwa mzaha, miezi mitatu nyuma, na tangu hapo hakukosa siku.

Hakutaka kumshinda mtu. Alichagua gari moja tu, lile la maonyesho, aina ambayo kampuni huiunda ili watu waishangae jukwaani, haiuzwi wala haifungwi namba. Lilikuwa la kijivu, refu, limelala chini kama kisu kilichosahauliwa mezani. Alilitengeneza mwenyewe: gia ya mwisho akairefusha, bawa la nyuma akalilaza ili upepo upite. Akatafuta barabara ndefu kuliko zote mle ndani, kilomita kumi na mbili zilizonyooka, zenye mteremko kidogo, na handaki mwishoni. Kwa hesabu yake, gari lile lingeweza kuvuka mia tano kwa saa. Kazi ya dereva ilikuwa kutofanya kitu. Usukani usiuguse hata kwa unywele, mguu usiuinue.

Mguu ndio uliokataa. Kila mara mdomo wa handaki ulipoanza kukua kwenye skrini, kwenye mia nne na sabini hivi, mguu wa kulia uliyaacha mafuta ukarukia breki.

"Dada, pale hakuna mtu," mdogo wake alizoea kumwambia. "Hakuna hata ukuta wa kweli. Ni picha. Unamwogopa nani?"

"Siogopi. Ni mguu. Hauniulizi."

Hilo ndilo lililomuuma. Mguu ule ulikuwa umewatumikia watu wote: waliochanganya pedeli, waliofumba macho kwenye kona, waliopungia jamaa zao mkono huku gari likielekea mtaroni. Ulikuwa na akili yake, na akili hiyo haikuwa yake yeye. Jumatatu wangeupasua. Alitaka kabla ya hapo, walau mara moja, auambie tulia, nao utulie.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Alijaribu mara tatu. Mia nne sabini na moja. Mia nne sitini na nane. Mia nne sabini na nne, kisha tairi zikalia.

"Nichomoe waya wa breki?" fundi akauliza.

"Gari lisilo na breki sipandi. Hata la uongo."

"Basi rudi shuleni kwenu ukasome ule ukuta. 'Haraka haraka haina baraka.'"

"Aliyeuandika ni mimi."

Akamenya ganda la mkate kwa kucha. Alimfikiria muuza nyama. Mtu mwoga yule, aliyeogopa hata honi ya gari, lakini mbele ya mapipa alikuwa na ujasiri wa simba. Aliutoa wapi? Aliutoa kwenye kiti cha pili.

"Lete kigoda," alisema. "Kaa hapa kushoto kwangu. Weka mguu kwenye breki."

"Mguu wangu?"

"Breki ni yako. Ukiona naharibu, kanyaga."

"Dada, mimi fundi simu!"

"Kinyozi hajinyoi. Kaa. Tazama mbele, usinitazame usoni. Ukimtazama mwanafunzi usoni anaharibu."

Fundi akaketi, akasogeza ndara yake juu ya breki kwa heshima, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Gari likaondoka. Mia mbili, mia tatu, miti ikawa ukuta wa kijani. Mia nne hamsini. Handaki likaanza kukua. Paja la dada likakaza, mguu ukainuka kidogo, kidole gumba kikagusa ukingo wa ndara ya mdogo wake. Palikuwa na mtu.

Mguu ukarudi kwenye mafuta.

Taa za handaki zikaungana zikawa mstari mmoja. Mia nne tisini na tisa. Mia tano na tatu. Mia tano na saba. Goti halikuuma, au liliuma akiwa mbali nalo. Kisha handaki likaisha, kona ikatokea, na gari la kijivu likagonga ukuta, likapinduka kimyakimya mara nne.

"Mbona hukukanyaga?"

"Ulisema nikiona unaharibu."

"Nimegonga ukuta!"

"Nilikuwa nimefumba macho, dada."

Akamtazama mdogo wake, jasho juu ya mdomo, ndara bado ipo kwenye breki. Akataka kucheka, ikatoka pumzi tu, ndefu. Miaka ishirini na sita, na hakukumbuka hata siku moja aliyothubutu kufumba macho kwenye kiti kile cha pili. Akauweka mkono begani kwa mdogo wake, akainuka kwa kumwegemea, akavaa viatu.

Saa nane, mwanafunzi wa mchana alikuwa akimsubiri karibu na gari jeupe, mama mmoja aliyekuwa akifuta viganja kwenye sketi.

"Mwalimu, naogopa."

Akaingia upande wake, akaupeleka mguu mzito mahali pake, juu ya chuma kile kilichong'aa.

"Washa," alisema. "Nipo."