Uso wa Alasiri

Kwenye kadi ya serikali jina lake ni Iqbal, na pale ofisini Ibra, Oman, anakopokea maombi ya vibali vya ujenzi, kila mtu humwita Iqbal. Mimi nitamwita Safa, kwa sababu ndilo jina alilojipa mwenyewe miaka mingi iliyopita, akalitunza peke yake kama mtu anavyotunza ufunguo. Atakayenuna na anune, hadithi ni yake Safa, si ya mwenye kununa.

Wazazi wake walifariki kwa ajali ya gari katika barabara ya Sur angali mdogo, akalelewa na Bi Kidawa, mama wa baba yake. Bi Kidawa ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, na usichanani mwake alifuatana na shangazi yake nyumba hadi nyumba kupamba maharusi. Kiswahili chake kimebaki pale pale alipokiacha kisiwani. Ukimwambia kitu ni “poa” atakuuliza kimepoa tangu lini na nani alikipasha moto.

Sasa, desturi yetu inajulikana. Bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu,” na wa kike akamwita “mke mwenzangu.” Utani tu, lakini una utamu wake. Binti za ami Abubakar, mtoto mdogo wa Bi Kidawa anayeishi nyumba ya pili, walikuwa wakiingia tu mlangoni wanapokelewa kwa makelele: “Huyo kaja, mke mwenzangu, kaja kuninyang'anya mume!” Nao hujitupa kitandani kwake, wakabanwa mashavu, wakasukwa nywele, wakaambiwa siri za kike zenye kuchekesha na nyingine za aibu. Mume mwenyewe aliyekuwa akigombaniwa ni Safa, amesimama kando na kikofia chake, anacheka na wenzake huku wivu unamtafuna. Alilolitaka tangu hapo ni dogo, na kwa miaka yote hiyo halikupungua hata chembe: Bi Kidawa amwite mke mwenzangu, mara moja tu, na awe amemwona na anajua anamwita nani.

Kumwambia hakuthubutu. Sheria ipo, na ndugu wapo, na mkono wa ndugu aghalabu ni mzito kuliko wa sheria. Zaidi ya yote aliogopa kumpoteza mtu mmoja aliyenaye.

Kisha macho ya Bi Kidawa yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema, kulia na kushoto. Akafika mahali pa kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Asubuhi alikuwa akikaa naye Azza, mke wa ami Abubakar, na Safa akirudi kutoka kazini mchana, Azza hurudi kwake. Safa hufunga komeo la geti. Kutoka hapo mpaka Maghrib nyumba ni ya watu wawili, na mmoja haoni.

Ndipo alipoanza kujipamba.

Vifaa alivifuata Sur, ambako hakuna anayemjua. Dukani alikuta mwuzaji anaitwa Khulood, akamwambia kwa Kiarabu kwamba anamnunulia dada yake.

“Dada yako ana rangi gani?” Khulood akauliza.

“Kama yangu.”

“Nipe mkono.” Akampaka mistari mitatu ya krimu, akaikodolea macho, akaifuta na kumtaka ageuze shingo. “Mwambie asichague rangi kwa mkono wala kwa uso. Achague kwa shingo. Ana mabaka?”

“Ana weusiweusi,” Safa akasema, jasho linamtoka. “Huku kidevuni, na juu ya mdomo.”

Khulood alimtazama. Kisha akainama chini ya meza akatoa kikopo kidogo cha krimu ya rangi ya chungwa. “Hii iwe ya kwanza, chini ya zote. Kidogo mno, na asisugue. Mwambie dada yako akizidisha atafanana na karoti.” Wakacheka wote wawili, na Khulood hakuuliza dada mwenyewe yuko wapi. Safa aliendesha gari kurudi Ibra akiwa na furaha ya mtu aliyetoka kuzungumza na ndugu yake wa damu.

Mtu atauliza, kujipamba mbele ya asiyeona kuna maana gani? Jibu ni vidole. Bi Kidawa siku hizi alimtambua mtu kwa kumpapasa. Safa alikuwa hawezi kukaa chini kabla mkono ule haujapita shavuni, na uso uliojaa rangi ungejulikana papo hapo. Kwa hiyo alijifunza kujipamba kwa wepesi, hivi kwamba hata mguso usigundue kitu. Alinyoa baada ya maji ya moto, akafuatisha nywele zinakoelekea na kisha akazirudia kinyume, akajimwagia maji baridi. Krimu ya chungwa aliigusagusa kwa kidole cha pete. Juu yake akapitisha ile ya rangi ya shingo kwa sifongo lililolowanishwa na kukamuliwa mpaka likakaribia kukauka. Poda aliibonyeza pembeni mwa mdomo tu. Nyusi hakuthubutu kuzing'oa kwa ajili ya macho ya ofisini. Alizichana kwenda juu akajaza mapengo kwa kalamu. Rangi ya mdomo aliichota kwa ncha ya kidole, na iliyobaki kidoleni akaimalizia mashavuni, juu, karibu na sikio, ambapo uso huonekana kama umecheka sasa hivi. Mwisho akatia wanja.

Alipojitazama kiooni hakuona mtu aliyepakwa rangi. Alimwona Safa, msichana wa watu, wa kawaida, aliyelala vizuri. Kuna siku alibaki pale kiooni mpaka Bi Kidawa akaanza kuita kahawa.

Kisha wakakaa. Safa na dera lake na kanga begani, Bi Kidawa na tasbihi, na hadithi za Malindi zikaanza. Na bibi huyu, bila kuombwa, alisimulia kila siku mambo yale yale ya kupamba.

“Siku hizi mabibi harusi hawapambwi, wanapigwa chokaa,” alisema. “Uso kama ukuta wa msikiti unaongoja Idi! Shangazi yangu akisema, mke akipambwa, watu wasiseme kapambwa vizuri. Waseme, kumbe mtoto wa fulani mzuri hivi? Ndo kupamba huko. Wanja mwingi chini ya jicho unamzeesha mtu, tia ndani, ufumbe jicho, ukae. Unanisikia, mume wangu?”

“Nakusikia, Bibi.”

Mume wangu. Neno lile lilimwingia kama mwiba, naye ameketi pale, wanja ndani, jicho limefumbwa na kufumbuliwa kama alivyofundishwa. Alitamani kuushika mkono wa bibi yake na kusema, si mimi huyo unayemwita. Badala yake alimimina kahawa. Kabla ya Maghrib alijifuta uso kwa mafuta ya nazi, akaosha kwa sabuni, akatawadha, na ami Abubakar alipopita jioni kumjulia hali mama yake alimkuta Iqbal.

Ami Abubakar ni mtu mwema, tena mwenye haraka ya wema. Alipata nafasi ya matibabu hospitali ya Nizwa, akamsihi mama yake mpaka akachoka. Bi Kidawa alikuwa na jibu moja, kwamba alivyoviona vinamtosha. Hatimaye hospitali wakampigia simu Safa, akamletea habari alasiri, uso wake ukiwa tayari umepambwa.

“Bibi, mustashfa wamepiga simu. Al-khamis wanakutaka. Macho yako itapona, inshallah.”

“Yatapona,” Bi Kidawa akamrekebisha. “Abubakar keshasema, na mie nshamjibu. Nimemwambia, mume wangu akisema nende, nnakwenda. Akisema nikae, nnakaa. Haya, sema wewe.”

Neno moja, kaa, na alasiri zile zingeendelea mpaka Mungu amchukue mmoja wao. Angeketi hapa na dera lake, akapapaswa shavu, na hakuna ambaye angejua. Akisema nenda, basi amejifungia mlango kwa mkono wake, maana ni nani atajipamba mbele ya mpambaji mwenye macho mazima? Alijiona mbaya kwa kulifikiria jambo lenyewe. Mbele yake mkono wa Bi Kidawa ulikuwa unatafuta kikombe cha kahawa juu ya sinia, ukakikosa, ukarudi, ukakigonga kikamwagika, na bibi kizee akaupangusa mkeka kwa upindo wa leso akijifanya hakikutokea kitu.

“Nenda, Bibi.”

“Wallahi?”

“Wallahi. Nataka unione.”

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Bi Kidawa aliacha kupangusa.

“Haya,” akasema. “Nami nataka kukuona.”

Siku ya kuamkia safari Safa alikusanya vyote, sifongo, kalamu, vikopo, akavitia katika mfuko mweusi na kuvitupa katika pipa la taka nyuma ya kituo cha petroli, nje ya mji. Akakaa garini injini inanguruma. Alilia, sitaficha, kilio cha kuaga mtu.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Kesho yake asubuhi wote walikuwa chumbani hospitalini Nizwa: ami Abubakar kwenye kiti, Azza ukingoni mwa kitanda, na Safa ukutani, kanzu nyeupe, kofia, uso umenyolewa na hauna kitu. Muuguzi akabandua kitambaa, akatia matone, akatoka.

Bi Kidawa alianza na mikono yake mwenyewe. “Hii ya nani? Lo, mie huyu!” Kisha akamtazama mwanawe. “Nawe umezeeka, Abubakar, na hukuniambia.” Akamgeukia Azza, akamshika kidevu. “Kumbe wewe bado mzuri! Nilidhani mumeo anajisifu tu.” Azza, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, alicheka kwa kuwa wengine wanacheka. Halafu jicho likafika ukutani.

“Njoo hapa.”

Safa akaja, akapiga magoti kando ya kitanda. Bi Kidawa alimtazama kwa muda mrefu mpaka ami Abubakar akaanza kuona haya.

“Mama, unamkodolea hivyo!”

“Macho hayana pazia, niache.”

“Iqbal huyo. Mume wako.”

“Namjua,” Bi Kidawa akasema. Akapitisha kidole gumba chini ya jicho la Safa, pale penye wanja, kisha kidevuni. “Mke mwenzangu, mbona leo umekuja na uso mtupu? Nilipokuwa sioni wanipambia kila alasiri. Leo naona, waniletea huu?”

Ami Abubakar aliangua kicheko. “Dawa hizo! Dawa hazijamtoka kichwani!”

“Dawa walinitia jichoni, Abubakar, si kichwani. Na macho ndiyo yaliyoumwa. Vidole havijaumwa hata siku moja.”

Azza akamwuliza mumewe kwa Kiarabu mama kasema nini. Anatania, mumewe akajibu, akipangusa machozi ya kicheko, bibi na wajukuu ndivyo walivyo. Safa hakuweza kuinua uso. Alikuwa na haja ya kukimbia na haja ya kubaki pale magotini mpaka kufa. Aliukumbuka mfuko mweusi katika pipa lile, akaujutia kama mtu aliyemtupa mtoto.

Bi Kidawa hakuwa anacheka. Aliushika mkono wa Safa, akangoja, na alipoona jibu haliji, akaita tena kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

“Mke mwenzangu!”

Koo la Safa lilikuwa limezoea itikio moja tangu utoto, lile la “naam,” la wanaume, alilofundishwa na baba yake. Lilikuwa tayari linatoka. Akalimeza.

“Bee, Bibi.”

Kicheko cha ami Abubakar kilikatika, kikakaa kidogo, kisha kikaendelea. Bi Kidawa hakuuachia mkono.