Kiti Alichokikataa Ardis Tollefsrud

Huku Halvorsby, jimbo la Minnesota, Marekani, ukikaribishwa kahawa unakataa. Ukikaribishwa tena unasema msijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya, nusu kikombe tu," na unajaziwa pomoni. Mtoto anayepokea mara ya kwanza hufinywa na mama yake chini ya meza. Ndiyo adabu yetu, na anayetaka kubishana nayo akabishane na mabibi waliolala makaburini.

Sasa Ardis Tollefsrud, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mama wa miaka sitini na ushee, alikuwa na siri moja ya aibu. Alikitaka kiti cha bodi ya shule. Alikitaka kwa roho yake yote! Si kwa posho, maana posho yenyewe haitoshi hata mafuta ya gari. Ni kwamba mezani pa bodi kila mjumbe ana maikrofoni yake, na akizungumza wengine wote hunyamaza mpaka amalize. Ardis hakuwahi kumaliza sentensi maishani mwake. Alizaliwa katikati ya kaka watano wenye midomo, kisha akaolewa na Vernon, mtu mwema wa watu, ila anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Mawazo yake kuhusu shule Ardis alikuwa akiwaambia ng'ombe wakati wa kukamua.

Kiti kilipobaki wazi, majirani walikuja kumwomba agombee. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena, huku moyo ukimdunda wasije wakachoka njiani. Walipokuja mara ya tatu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa.

"Haya," akasema, "kama mtakosa mwingine."

Maneno hayo hayo wakayaandika kwenye mabango: ARDIS, KAMA MTAKOSA MWINGINE. Mpinzani wake, Wendell Haugrud, fundi matrekta, naye aliombwa mara tatu. Mabango yake yalisema: WENDELL, LAKINI MSIJISUMBUE. Mji mzima ukasema kampeni haijawahi kuwa kali namna ile.

Mdahalo ulifanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Mchungaji Joyce akawauliza wagombea kwa nini wachaguliwe.

"Kwa kweli mimi mngenisamehe tu," Ardis akasema. "Wendell ndiye mwenye kichwa. Si mliona alivyotengeneza trekta letu?"

"Acha masihara, dada Ardis," Wendell akasema, masikio yamemwiva. "Trekta lenu mpaka leo linarudi nyuma tu. Jamani, mchagueni huyu mama!"

"Lakini linarudi nyuma vizuri sana," Ardis akasisitiza.

Wakapigiana debe hivyo mpaka kahawa ikakauka kwenye birika, na watu wakarudi makwao wameridhika, hawajui wamchague nani.

Siku ya kura Ardis alisimama na kalamu mkononi, jina lake likimtazama. Kujipigia kura mwenyewe huku ni sawa na kujipigia makofi kanisani. Akamtia alama Wendell, akatoka, akajifungia ndani ya gari na kulia kwa hasira. "Mjinga wee," akajiambia. "Mjinga kabisa!"

Kura zikatoka sare. Ikabidi majina yatumbukizwe kwenye kofia mbele ya kikao cha bodi, na mwenyekiti achomoe moja. Mwenyekiti mwenyewe ni Rusty Cantrell, mtu wa Texas, ambaye kahawa anaipokea mara ya kwanza na kuuliza kama kuna keki. Uenyekiti aliupata kwa kuuomba. Watu walishtuka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema hapana.

Rusty akachomoa karatasi. "Ardis Tollefsrud! Hongera, mama. Unakipokea kiti?"

"Aa, bwana mwenyekiti, mpeni tu Wendell."

"Sawa," Rusty akasema.

Sawa? Ukumbi ukaduwaa. Sawa ndiyo nini?

"Wendell, wewe unakipokea?"

"Mimi? Hapana, hapana. Ardis ananizidi mbali."

"Sawa. Basi hawakitaki wote wawili. Kitabaki wazi mpaka uchaguzi mwingine. Kuna anayepinga?" Akainua nyundo yake ya kukatia shauri.

Kumpinga mwenyekiti huku ni aibu kuliko kuiba. Basi ukumbi mzima ukaitazama nyundo ikipanda, watu wakakohoa. Vernon alikohoa kuliko wote, na huo ndio upinzani mkali zaidi aliowahi kuutoa hadharani.

Ardis akakiangalia kile kiti kitupu. Akaiangalia maikrofoni, na kijitaa chake cha kijani.

"Nakitaka!"

Ilimtoka kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Nakitaka hicho kiti! Nilikitaka tangu siku ya kwanza mlipokuja kwangu! Na kumpigia Wendell kura kunaniuma mpaka leo!"

Bibi mmoja alifunika uso kwa mkoba. Wendell akashusha pumzi ndefu. "Afadhali, dada. Mimi sikukitaka kabisa."

"Ulikuwa unakataa kweli?"

"Kweli! Tangu mwanzo! Nani aliniamini?"

Rusty peke yake hakuona ajabu yoyote. "Si ungesema tu, mama?" akasema, akamvutia kiti.

Ardis akaketi. Akasema kuhusu watoto wanaokula mbio mbio kama wanafukuzwa, akasema kuhusu mwalimu wa muziki aliyeachishwa kazi, akasema mpaka wajumbe wakaanza kuangalia saa kwa siri, na hakuna aliyefungua mdomo.

Walipotoka, Vernon aliwasha gari lakini hakuling'oa. Alikuwa kimya, jambo ambalo Ardis hakuwahi kuliona.

"Kumbe ulikuwa unakitaka," akasema mwishowe.

"Nilikitaka."

"Sasa Ardis... ile safari ya kwenda kuiona bahari. Nilikuuliza, ukasema tusijisumbue. Pesa nikazitia kwenye paa la zizi."

"Najua. Nilikushikia ngazi."

"Kwani ulikuwa unaitaka?"

Ardis aliangalia mbele, kwenye kioo cha gari, theluji ikianza kudondoka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuyaficha.

"Niulize sasa," akasema.

Vernon akazima injini, akamgeukia, akamuuliza.