Dada Yangu Aliandika Sukari Ambayo Hakuipima

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana dada yangu anafuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi mtaa wa Migosi, nauza omena, vile vidagaa vya ziwani. Ugonjwa wa sukari ulinipata nikiwa darasa la nane, na tangu hapo najidunga insulini kila siku. Mama alipofariki, dada yangu mkubwa, tumuite Akinyi, ndiye alinilea. Nilipoogopa sindano, yeye ndiye alijifunza kunidunga. Ndiyo maana haya yananiwia magumu kuandika.

Mwaka huu Akinyi alipata kazi kwenye utafiti wa kifaa kinachobandikwa mkononi na kusoma sukari saa zote bila kutoa damu. Kazi yake ni kumtoboa mgonjwa kidole, kupima damu kwa mashine ya kawaida, kisha kuandika namba zote mbili ndiyo wajue kama kifaa kinasema kweli. Akaniambia nijiunge, nikajiunga. Daktari alituonya tusijidunge dawa kwa kufuata kifaa mpaka utafiti uishe. Lakini baada ya wiki mbili Akinyi akaniambia, "Wacha kujitoboa vidole huko nyumbani. Si mimi ndiye naandika hizo namba? Zinalingana kabisa." Kati ya daktari na dada aliyekulea, wewe ungemsikiliza nani?

Jumamosi moja sokoni kifaa kilionyesha 14, yaani sukari iko juu sana. Nikajidunga, nikaendelea kupimia wateja omena. Kilichofuata nimesimuliwa tu. Nilianza kuongea ovyo, nikaangukia magunia, binti yangu wa miaka saba akipiga nduru, "Mama amekufa!" Hospitalini damu yangu ilisoma 2, yaani sukari ilikuwa imeshuka kiasi cha kuua. Kifaa bado kilikuwa kinasema 13.

Nilidhani ni bahati mbaya. Niliporuhusiwa nilienda kupumzika kwa Akinyi. Siku ya tatu natafuta kalamu kwenye mkoba wake, nikakuta fomu yangu. Ilikuwa na namba za damu ya kidole za siku ambayo mimi nilikuwa Port Victoria kwa mazishi ya shangazi. Siku hiyo hakuna mtu aliyenigusa kidole! Na zilikuwa karibu sawa na za kifaa, tofauti ni nukta tu. Chini yake kulikuwa na fomu za wagonjwa wengine, zote zimejazwa vilevile.

Nikamuuliza, "Akinyi, hii damu uliitoa wapi?"

Alikaa kitandani. "Watu walikuwa hawaji, na msimamizi anataka fomu zijae. Mwanzoni zilikuwa zinakaribiana, nikaona nijaze tu."

"Na ulijua mimi najidunga nikifuata hicho kifaa?"

"Nilijua."

Afadhali angenidanganya. Kisha akapiga magoti, dada yangu mkubwa, mbele yangu, akinisihi kwa lugha ya kwetu. "Asayi, nyamera, nakusihi, mdogo wangu. Ukisema, kazi imeisha na pengine nifungwe. Nani alikulea?"

Nilirudi kwangu siku hiyo hiyo, na hatujaongea tena. Chai yake niliiacha mezani, na simu yake ikiita nalia.

Alhamisi narudi kliniki, na daktari ataniuliza nilianguka kwa nini. Kuna mzee mmoja wa Asembo Bay ambaye huwa tunakaa naye kwenye foleni, naye amevaa kifaa kama changu. Wiki iliyopita alinipigia simu akicheka, akaniambia vidole vyake vimepona kwa sababu ameacha kujitoboa. Fomu yake niliiona kwenye ule mkoba.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi, Alhamisi mngesema nini?